Jioni tuliyofungua folda ya vendor

Mwaka 2019 tulikuwa tunajenga mfumo wa ada za shule kwa Laravel 5.8, fremuweki ya lugha ya PHP, katika ofisi moja ya ghorofani pale Sinza. Dada aliyekuwa kiongozi wetu wa kiufundi alikuwa ametokea kwenye Java, na hakuna kitu cha Laravel kilichomkera kama fasadi, yaani klasi fupi zinazokuwezesha kuita huduma za Laravel kwa jina tu. Akikuta `Cache::get('ada')`, ya kusoma hifadhi ya muda, kwenye msimbo wangu, anaguna.

"Mdogo wangu, hii ni statiki, unaiita kwa jina la klasi bila kuunda kitu. Siku ya kuandika majaribio utaweka nini mahali pake?"

Sikubishana naye. Nilifungua folda ya vendor, unakokaa msimbo wa Laravel yenyewe, nikamgeuzia skrini. Klasi ya fasadi ya Cache, ukiacha maelezo ya juu, ina methodi moja tu, `getFacadeAccessor`, nayo inarudisha neno 'cache' basi. Hamna get, hamna put.

"Sasa hiyo get iko wapi?" Akavuta kiti.

Tukapanda kwa mzazi wake, klasi inayoitwa Facade. Mwishoni kabisa ipo `__callStatic`, ambayo PHP huikimbilia pale unapoita kwa statiki methodi isiyokuwepo. Inachukua lile neno 'cache', inakwenda nalo kwenye kontena la huduma, ghala la Laravel linalounda na kutoa vitu, inapewa kitu halisi, kisha inakikabidhi kazi uliyoomba. Hiyo statiki ni sura ya nje tu. Nikaandika jaribio hapo hapo, nikiweka Cache bandia mahali pa ile halisi: `Cache::shouldReceive('get')->once()->andReturn(450000)`. Likapita.

Nilidhani tumemaliza. Wapi!

"Haya, la statiki nimekubali. Hebu nisomee konstrakta ya klasi yako, uniambie inategemea nini."

Konstrakta, methodi inayopokea vitu ambavyo klasi inahitaji inapoundwa, ilikuwa tupu. Ndani mlikuwa na fasadi za Cache, DB (hifadhidata), Mail (barua pepe), Queue (foleni ya kazi) na Log (kumbukumbu za matukio), na hakuna hata moja iliyotajwa mlangoni. Hoja hii ndiyo yenye uzito, si ile ya kwanza: fasadi ni rahisi kuita mno, klasi inanenepa na wewe huoni. Hata nyaraka za Laravel zenyewe zinaonya hivyo.

Tukabishania moja moja hadi giza likaingia. DB, Mail na Queue zikahamia kwenye konstrakta. Cache niliipigania ikabaki fasadi. Log aliitetea mwenyewe, bila mimi kufungua mdomo: "Nani atakaa anapitisha Log kwenye kila konstrakta? Hiyo iache."