Filamu za watu mchanganyiko, kwa macho ya mtoto wa Ng'ambo

Filamu nyingi za Ulaya kuhusu wahamiaji zinamweka mtoto njia panda: achague kwao wazee wake au achague alipozaliwa. Huku Hamburg nimezitazama sana, na zinanichosha. Mie nimelelewa Ng'ambo, mitaa ya mjini Unguja nje ya Mji Mkongwe. Bibi alikuwa Mngazija wa Komoro, babu ana asili ya Kihindi, na nyumbani kwetu hakuna aliyeambiwa achague. Palikuwa na pilau ya Ijumaa na ugomvi wa kawaida wa ndugu.

Ndiyo maana naipenda La Graine et le Mulet ya Abdellatif Kechiche, ya mwaka 2007. Slimane, mzee wa asili ya Tunisia, kazi yake bandarini Sète, Ufaransa, imekwisha, naye anataka kuigeuza meli kuukuu iwe mkahawa wa kuskusi ya mkizi. Chakula cha Jumapili kwa Souad, mtalaka wake, kinachukua muda mrefu. Kamera imesogezwa hadi unaona mafuta midomoni na vidole vikichambua miba. Watu wanalalamikia bei ya nepi, Kiarabu kinachomoza ndani ya Kifaransa, na hakuna anayegeuka kumfafanulia mtazamaji. Wallahi, nilijiona kwa shangazi yangu Kikwajuni.

Wala Kechiche hakuwapamba. Mtoto wa kiume wa Slimane kaoa Mrusi, anamsaliti, na ukoo mzima unamfichia. Waliotengwa na wenye nchi nao wanajua kumtenga mgeni wao. Hilo ni kweli tupu, nasi Waunguja tunalijua.

Tunaliona pia katika Vuta N'kuvute, filamu ya Amil Shivji ya 2021 iliyotokana na riwaya ya Adam Shafi. Yasmin, binti wa Kihindi wa Unguja ya miaka ya 1950, anaikimbia ndoa aliyopangiwa na kumpenda Denge, mpigania uhuru. Nilifurahi mno kusikia Kiswahili chetu ukumbini. Ila picha zake ni nzuri kupita kiasi. Nilitamani kamera ikae jikoni zaidi, penye moshi.

Sasa nataka ya leo. Kiwengwa kuna vijana wanaozungumza Kiitaliano walichojifunzia ufukweni kwa watalii, na jioni wanarudi kijijini kuswali Magharibi na wazee wao. Watengeneza filamu wetu, nendeni na kamera mkakae nao, msiwaulize wao ni nani.