Za siku nyingi jamani
Mambo vipi wapendwa, nimepotea kidogo ila nipo mzima. Juzi umeme umekatika nikiwa katikati ya kupiga pasi, shati mkono mmoja umenyooka mwingine mikunjo mitupu, na simu nayo chaji ikaisha hapo hapo, yaani nilikereka hadi basi. Lakini mtoto wa dada yangu kaanza kusoma mwenyewe!! Anakaa mapajani kidole kinafuata herufi, anasoma kila anachokiona mpaka boksi la sabuni, akikutana na neno refu anavuta pumzi kwanza halafu analikata vipande, ma-e-le-ke-zo, aisee raha niliyosikia siwezi hata kuielezea. Foleni na viatu kuloa mvua hayo yapo tu. Nyie huko mnaendeleaje? Niambieni basi