Koti la Kuazima

Tangu turudi kutoka Ujerumani, ndugu zangu wa jumuiya wamekuwa wakiniuliza kwa nini sijasimama kutoa ushuhuda wa safari, nami nimekuwa nikijibu kwamba bado naupanga. Ukweli ni kwamba ushuhuda niliokuwa nimeuandaa kabla ya kuondoka Moshi haukufaa tena, na huu nilio nao sasa hauenei katika zile dakika tano ambazo mwenyekiti wetu humpa kila msemaji kabla hajaanza kuitazama saa yake. Ndiyo maana nimeamua kuuandika.

Tulikuwa watu wanane: mchungaji, mwinjilisti, wanakwaya watano, na mimi, mzee wa kanisa niliyekabidhiwa mfuko wa fedha za safari. Usharika wetu una urafiki wa miaka mingi na usharika mmoja wa kijijini katika jimbo la Sachsen, si mbali na mji wa Leipzig, na mwaka juzi ilikuwa zamu yetu kwenda huko kwa majuma mawili, kuanzia mwisho wa Septemba, ili tuhubiri, tuimbe na kuwatembelea wagonjwa. Kwa mtu aliyezaliwa Old Moshi, jina la Leipzig si geni. Wamisionari wa Kilutheri waliofika Kilimanjaro mwaka 1893 walitumwa na Misheni ya Leipzig, na Bruno Gutmann, aliyefanya kazi kwetu Old Moshi kwa miaka mingi hadi alipoondoka mwaka 1938, alitumwa na misheni hiyohiyo. Bibi yangu alikuwa akimtaja kana kwamba ni mtu wa shamba la jirani.

Kwa sababu hiyo, harambee ya safari yetu ilipewa jina la kulipa deni la Injili. Jina hilo lilipendwa sana, na nadhani mimi nililipenda kuliko wote, kwa kuwa kazi yangu ya kila siku ni mahesabu, na neno deni nalielewa vizuri: linaandikwa, linalipwa, stakabadhi inatolewa. Nilifungasha begi la kilo 23 lililojaa vitenge kumi na vinne, kahawa ya kwetu, na vinyago vidogo vya watoto wa shule ya Jumapili. Nguo zangu nilizibana pembeni.

Begi hilo halikufika. Tulisimama uwanja wa ndege wa Frankfurt hadi mkanda wa mizigo ukaacha kuzunguka, nikajaza fomu, kisha tukapanda treni ya saa tatu na zaidi kwenda Leipzig nikiwa nimevaa gauni la kitenge, sweta jepesi na viatu vya wazi. Hapa Moshi tunajisifu kwamba tunaijua baridi kwa sababu ya mwezi wa saba, lakini baridi ile ya usiku wa vuli, iliyochanganyika na mvua nyembamba isiyokwisha, ilinionyesha kwamba nilikuwa najisifia jambo nisilolijua.

Nilipangiwa kulala kwa mama mmoja mjane wa miaka themanini na kitu, anayeishi peke yake katika nyumba ya ghorofa moja karibu na kanisa. Mkalimani wetu alikuwa kijana wa pale kijijini aliyewahi kujitolea hapa Moshi kwa mwaka mzima, ambaye hadi leo huniamkia shikamoo kabla ya neno lingine lolote. Asubuhi ya kwanza yule mama alifungua kabati, akatoa koti zito la sufu lililokuwa la marehemu dada yake, pamoja na viatu vya ngozi, akaninyooshea. Nikakataa. Nilikataa kama tunavyokataa sisi sote: mgeni husema hapana asante, mwenyeji husisitiza, mgeni husema usijisumbue mama, mwenyeji husisitiza tena, na mara ya tatu mgeni hupokea kwa mikono miwili kana kwamba amelazimishwa. Mwenyeji wangu hakuijua desturi hiyo. Niliposema hapana, alitikisa kichwa kwa heshima, akalirudisha koti kabatini, akafunga mlango, akaenda kuchemsha mayai. Nikabaki nikilitazama kabati.

Nilikaa na ubishi wangu mpaka tulipotakiwa kutoka, na nilipofika mlangoni upepo uliniamulia. Ilinibidi nirudi jikoni nimwambie kijana, mwambie bibi huyu kwamba naomba lile koti. Sikumbuki ni lini mara ya mwisho nilitamka neno naomba mbele ya mtu nikiwa sina cha kumpa. Mimi ndiye niliyezoea kutembelewa na waombaji, mimi ndiye ninayeandika majina ya wenye uhitaji katika daftari la diakonia, na nilikuwa nimevuka bahari nikiwa na begi zima la kutoa. Koti lilinikaa vizuri. Viatu vilinipwaya kidogo, tukaweka soksi mbili.

Jumapili ya kwanza ya Oktoba wenzetu wale walikuwa na Sikukuu ya Mavuno. Kanisa lao linaweza kukalisha watu mia nne. Siku ile tulikuwa kama arobaini, na niliambiwa kuwa hao ni wengi, maana Jumapili ya kawaida hawazidi ishirini na watano. Nikiri kwamba nilipoingia nilipiga hesabu ya viti vitupu, na moyoni nilijisikia kama daktari aliyefika kwa mgonjwa. Kwetu ibada ya kwanza huanza saa moja asubuhi na anayechelewa husimama nje. Madhabahuni walikuwa wamepanga maboga, tufaa, viazi, karoti zenye udongo bado, mkate mmoja mkubwa wa duara, na shada la masuke ya ngano.

Mchungaji wao alihubiri juu ya ombi la nne la Sala ya Bwana, na katikati ya mahubiri akawaomba wazee waseme maelezo ya ombi hilo kutoka Katekisimo Ndogo ya Luther, kile kitabu kifupi cha mafundisho ya imani. Wakasimama watu kama kumi hivi, wakayasema kwa ghibu. Sikuelewa neno hata moja la Kijerumani, lakini niliutambua mwendo wake, jinsi sauti inavyopanda wakati wa kuhesabu vitu na kushuka mwishoni, kwa sababu nami niliyakariri maneno hayo nikiwa na miaka kumi na minne katika darasa la kipaimara, huku mwinjilisti akiwa ameshika fimbo. Mkate wa kila siku ni nini? Ni yote tunayoyahitaji kwa mwili: chakula, kinywaji, mavazi, viatu, nyumba, na kuendelea, hadi hali nzuri ya hewa, rafiki wema na majirani waaminifu. Nilipofika kwenye viatu, nilitazama chini.

Lakini kilichonishika hasa ni sehemu inayotangulia orodha hiyo, ambayo niliikariri pia bila kuifikiri kwa miaka zaidi ya thelathini. Luther anasema pale kwamba Mungu hutoa mkate wa kila siku hata tusipoomba, na huwapa hata watu waovu; tunachoomba katika sala hii ni kwamba atufanye tuutambue na kuupokea kwa shukrani. Yaani shukrani haiji baada ya kitu kama stakabadhi. Nayo huombwa, na mtu hupewa au hukosa kuwa nayo. Nilikuwa nimeshukuru mara nyingi maishani mwangu, tena kwa sauti, lakini sidhani kwamba niliwahi kumwomba Mungu anipe uwezo wa kushukuru.

Nafikiri wasomaji wa Moshi na Arusha wananielewa ninaposema kwamba sisi tumeifanya shukrani kuwa habari ya nyongeza. Tunaitisha ibada ya shukrani mtoto anapomaliza chuo, nyumba inapoezekwa, gari linapofika kutoka bandarini, mtu anaponusurika ajali. Sisemi ni vibaya. Nimekula pilau katika shukrani hizo na nitakula tena. Hata mnada wetu baada ya ibada, ambao naupenda kwa dhati, na ambapo mtu hununua kuku kwa bei ya mbuzi kisha akamrudisha auzwe tena kwa ajili ya kazi ya Mungu, una mahali pake pa kuonyeshana nani amebarikiwa. Wenzetu wa Sachsen hawana mnada. Kodi ya kanisa hukatwa pamoja na kodi ya mapato, na vyakula vya madhabahuni hupelekwa kwa shirika linalogawia chakula watu wenye kipato kidogo. Mfumo huo wa kodi sikuupenda, na nilimwambia mchungaji wao hivyo, kwa maana mkono unaotoa haujui kama umetoa. Naye akanijibu kwa upole kwamba ndiyo maana wanahitaji maboga.

Kutembelea wagonjwa kulikwenda vizuri na kwaya ilipendwa, ingawa tulivuka muda kila mahali.

Jioni nilikuwa nakaa jikoni na mwenyeji wangu, kijana akitafsiri. Alinisimulia kwamba alikua wakati wa Ujerumani ya Mashariki, ambapo serikali iliweka sherehe yake ya vijana kuchukua nafasi ya kipaimara, na wazazi wake, ambao walikuwa wakulima, walimchagulia kipaimara. Alikuwa wa kwanza darasani kwake, lakini hakupewa nafasi ya kuendelea na masomo ya juu. Alishona nguo kiwandani hadi alipostaafu. Nilitarajia aseme kwamba Bwana alimfidia kwa njia nyingine, kama ambavyo ushuhuda wa kwetu ungekwenda. Hakusema hivyo. Alisema kwamba kwa miaka mingi alikuwa akishukuru mezani kwa mdomo huku moyo umenuna, na kwamba aliendelea kuisema sala hiyo kwa sababu hakuwa na nyingine. Nikamuuliza moyo uliacha kununa lini. Akacheka, akasema siku nyingine unanuna hadi leo, hasa akiona watoto wa shule wakipita.

Jumatatu tulikwenda Leipzig, katika kanisa la Mtakatifu Nikolai, ambako maombi ya amani yamekuwa yakifanyika kila Jumatatu saa kumi na moja jioni tangu mwaka 1982. Ni kutoka katika maombi hayo kwamba tarehe 9 Oktoba 1989 watu wapatao 70,000 waliandamana mjini wakiwa na mishumaa, wakati wanajeshi na polisi wakiwa tayari, na risasi haikupigwa. Mwezi uliofuata ukuta wa Berlin ukafunguliwa. Mwenyeji wangu alikuwepo. Nilipomuuliza kama usiku ule waliimba kwa kumshukuru Mungu, alisema waliogopa mno kuimba, na kwamba alikuwa akiushikilia mshumaa kwa mikono yote miwili kwa kuwa mwenye mikono yote miwili kwenye mshumaa hawezi kurusha jiwe.

Kulikuwa na jambo jingine, na sijui kama wenzangu wa msafara wangependa niliandike. Mezani kwa mchungaji wao mtu mmoja alitaja kwa furaha kwamba Hans Meyer, aliyefika kilele cha Kilimanjaro tarehe 6 Oktoba 1889, alikuwa mtu wa Leipzig. Nikasema ni kweli, na kwamba kwetu Old Moshi tunaikumbuka pia tarehe 2 Machi 1900, siku Mangi Meli, mtawala wetu wa Kichaga, aliponyongwa na utawala wa Wajerumani pamoja na viongozi wengine, na kwamba inaaminika kichwa chake kilipelekwa Ujerumani, ambapo ukoo wake unaendelea kukitafuta. Mwinjilisti wetu alinikanyaga mguu chini ya meza, juu ya kile kiatu cha kuazima. Mchungaji mwenyeji alinyamaza kwa muda, kisha akaniomba nisimulie habari hiyo Jumatano jioni kanisani, badala ya salamu nilizopangiwa. Nilisimulia, wakauliza maswali mengi, kisha tukasali.

Nimelitafakari jambo hilo sana. Kama begi langu lingefika, sidhani kama ningethubutu. Mdeni aliyekwenda kulipa hukaa kwa adabu, hulipa, huaga. Hamkumbushi mkopeshaji mambo ya zamani. Nilipokuwa nimekula mayai ya yule mama na kuvaa koti la dada yake, niliweza kuwashukuru watu wale kwa Injili iliyomfikia bibi yangu, na katika kikao hichohicho kuwauliza kuhusu Mangi, wala sikuona kwamba moja linalifuta lingine.

Begi lilifika siku ya sita, limepasuka zipu, vitenge vyote vimo. Nilivigawa. Mwenyeji wangu nilimpa kile cha rangi ya samawati. Akakipokea mara moja bila kukataa hata kidogo, akakifunga kiunoni, akaendelea kuosha vyombo. Koti nililirudisha kabatini mwenyewe siku ya kuondoka, ingawa alitaka nije nalo. Nilimwambia Moshi hakuna baridi ya kiasi hicho, jambo ambalo miezi mitatu kabla yake nisingelikubali mbele ya mtu yeyote.

Novemba tulikuwa na ibada yetu wenyewe ya shukrani, kwa kuwa nyumba yetu ya Rau ilikuwa imeezekwa, na kabla sijasafiri tulikuwa tumeshachagua ng'ombe na kuagiza maturubai. Niliporudi nilimwambia mume wangu kwamba sina uhakika tena tunashukuru nini mbele ya watu, na iwapo shukrani hiyo si tangazo la bati. Hakunijibu. Baada ya chakula akachukua kitabu cha zamani cha kipaimara, akavaa miwani, akasoma ile orodha polepole huku akihesabu kwa vidole.

"Nyumba imo," akasema. "Ya tano. Baada ya viatu."

Akaendelea kusoma, kidole kikiteremka.

"Na mifugo imo, ya nane. Basi mama, ng'ombe abaki."