Koliflawa msimu wa kusi

Leo ni siku ya nne mashua haijatoka. Kusi imeshika tangu Jumamosi, usiku kucha nasikia makuti ya darini yanavyopigwa, na asubuhi ukishuka pwani unakuta maji yamekua rangi ya udongo na vyombo vyote vimefungwa, mume wangu ndo amepata nafasi ya kukalafati ile mashua yake, katoka alfajiri na pamba na patasi na mpaka adhuhuri hii hajarudi. Samaki sokoni wapo, sitasema hawapo, lakini kipande cha nguru bei yake leo si ya nyumba yenye watoto watatu na mavyaa na mvuvi aliye nchi kavu. Bas nkapita kwa yule dada auzae mboga hapa Amu, yaani Lamu, pale karibu na Ngome nkachukua koliflawa mbili kwa shilingi 150.

Huu ni mwaka wa tatu nafanya hivi kila kusi na kila mwaka najiambia niandike alafu sahau inanishinda, leo watoto wamelala na chai iko hapa kwahivyo naandika.

Mwaka ule wa kwanza hata sikuitaka. Ni yule dada aliniita, akanambia chukua mama nkupunguzie, hizi wanunuao ni watu wa mahoteli na mahoteli yamefunga. Na ni kweli, ukifika mwezi wa tano wa sita huko Shela nyumba nyingi za wageni hufunga milango mpaka wageni warudi, kwahivyo upepo ule ule unaotunyima samaki ndo unaotuachia koliflawa sokoni kwa bei ya mtu wa kawaida. Mimi nililiona hilo kama riziki na mpaka leo naliona hivyo.

Ila lazima ujue kuchagua, maana hii mboga inatoka mbali. Inataka baridi, inalimwa huko juu Kinangop na Limuru, inashuka mpaka Mombasa, ije Malindi, ipite Garsen na Witu, ifike Mokowe ipakiwe boti, alafu ndo mkokoteni au punda mpaka sokoni. Siku zote hizo iko ndani ya gunia. Watu huangalia ua kwanza, mimi naangalia majani, majani yakiwa bado magumu na yamelikumbatia lile ua jua iko sawa, ukikuta muuzaji ameyapogoa yote mpaka imebaki kichwa kitupu uliza ni kwanini, mara nyingi yalikua yameshanyauka. Niliwahi kuuziwa kwenye duka moja imefungwa plastiki vizuri kabisa, nafika nyumbani naifungua ndani imeshika madoa meusi na unyevu, pesa imeenda. Tangu hapo sinunui kitu ambacho siwezi kukishika.

Na kumbe ni ndugu wa toka nitoke wa kabichi na sukuma wiki, yaani ni mmea mmoja, wakulima wa zamani walichagua tu mbegu vizazi na vizazi, huyu wakamtaka kwa majani yule wakamtaka kwa ua. Kile cheupe tunachokula ni ua ambalo halijafunguka, na weupe wake ni wa kufichwa jua, wakulima wengine huyafunga yale majani kwa juu ili jua lisiliguse. Nilipojua hilo nilianza kuishika kwa heshima zaidi.

Sasa kosa langu la kwanza. Nkaipika kama kabichi. Nkaitia kwenye sufuria na maji na munyu nkafunika nkaendelea na kazi zangu, na nyumba zetu hizi za mawe mnazijua, harufu ikiingia haina pa kutokea, ikapanda ngazi mpaka juu kwa mavyaa, akashuka akauliza kwani kuna yai limevunda humu. Ni ile salfa iliyo ndani yake, jamaa zote za kabichi wanayo, na kadiri unavyozidi kuichemsha ndo inavyozidi kutoka. Tulikula kwa sababu chakula hakitupwi, lakini ilikua laini kama pamba iliyorowa na haina ladha yoyote, watoto waliilia mkate.

Aliyenifungua macho ni mume wangu, na yeye hapiki. Siku ya pili yake kanikuta natia maji tena, akasema, wewe pweza humtilii maji, hili ua mbona walitia? Nkasimama na ile jagi mkononi. Pweza sisi humtia kwenye sufuria hivi hivi akatoa maji yake mwenyewe akajipikia, kila mtu Amu ajua hilo, na koliflawa ukiipima zaidi ya gramu 90 katika kila gramu 100 ni maji. Yaani nilikua nachemsha maji ndani ya maji.

Toka siku hiyo naifanya kama samaki. Munyu na ndimu kwanza, iachwe ijikamue, ipanguswe, ndo ione moto, na moto wenyewe uwe mkavu. Tui lije mwisho.

Ninayoipenda zaidi ni ya kupaka, na hii ntaieleza taratibu. Natoa majani lakini shina siligusi, alafu naikata kutoka juu mpaka chini kupitia pale kwenye shina, unene wa kidole gumba, shina ndo linashikilia vishada visiachane. Kwenye koliflawa moja napata vipande vitatu vizuri, vile vishada vya pembeni vinavyomwagika naviweka kando vina kazi yake. Natwanga thomu na tangawizi na pilipili mbichi, natia munyu na ndimu, napaka pande zote na kule ndani kwenye mianya kwa kidole, naacha nusu saa kwenye sinia. Ukirudi utaona maji yamekusanyika chini, yamwage. Pangusa, paka mafuta kidogo sana, weka kwenye wavu juu ya seredani makaa yakiwa yameshavaa jivu.

Huku pembeni nina tui zito la nazi mbili na kitunguu kilichosagwa, bizari ya manjano, pilipili kidogo, munyu, nalikoroga bila kusimama lisikatike, likishakua zito la kushika mgongo wa kijiko nalitia ukwaju. Ukwaju mwisho, ukiutanguliza tui linakatika mbele ya macho yako. Alafu unapaka unageuza, unapaka unageuza, mara tatu au nne, na hapo ndo penye raha yake, tui linadondoka kwenye makaa moshi unapanda unairudia mboga, na zile ncha za vishada zinashika weusi na kukunjika kama mapezi ya changu aliyebanikwa. Shina linabaki na ugumu kidogo ukiuma. Mavyaa siku ya kwanza alichukua kipande akakigeuza akakitazama huku na huku, akala, akaniambia mwanangu kesho ongeza ndimu. Kwake yeye hiyo ni sifa kubwa.

Vile vishada nilivyoweka kando ni vya karai. Kama viazi karai tu vile vya njiani, unga wa dengu na ngano kidogo na rangi ya bizari na thomu na dania, uji uwe mzito wa kushika, lakini viazi huchemshwa kwanza na hii usichemshe, munyu na dakika ishirini zatosha, pangusa sana maana ikiingia na maji kwenye mafuta unga unabanduka wote. Chatini ya ukwaju au ya embe bichi. Watoto hizo hawabakishi, na Ramadhani nazifanya za kupeleka kwa majirani pia, wengi huuliza ni samaki gani huyu.

Wali wa koliflawa ndo umenifundisha zaidi ya vyote, kwa sababu ya mavyaa. Ana sukari huu mwaka wa tano na daktari amemwambia wali apunguze, na ntawaambia ukweli kumpunguzia mwanamke wa Amu wali wa nazi ni jambo zito, huyu amezaliwa na wali amelea nao watoto saba. Nkasikia watu wanasema koliflawa unaweza kuikwaruza ikawa kama wali, nkaikwaruza, nkaitia tui nkaifunika kama ninavyopika wali wa nazi, na nkamwekea kwenye sahani yake nkamwambia mama, wali huu. Ulikua uji. Alikula vijiko vitatu akasema alhamdulillahi akaisogeza sahani taratibu na hakusema lolote, na kile kimya chake kiliniuma kuliko angenigombeza, maana nilijua anajua kua nimemwita kitu kwa jina la kitu chengine.

Sasa naifanya hivi. Naikwaruza kwa greta upande wa matundu makubwa, naikamua kwenye kile kitambaa cha kuchujia tui mpaka mikono inaniuma, nakaanga kitunguu na bizari nyembamba na vijiti vya mdalasini kwenye kikaango kipana, naimwaga, moto mkali, bila kifuniko, dakika tano inatosha. Alafu nachanganya nusu kwa nusu na wali wa nazi wenyewe, wa kweli, umepikwa mbali. Harufu ya wali ipo, nazi ipo, na wali mweupe uliopikwa gramu 100 una wanga kama gramu 28 na koliflawa ni kama gramu 5 tu, kwahivyo sahani imejaa na mzigo umepungua. Vidonge vyake anaendelea navyo kama kawaida, hilo sichezi nalo. Na namwambia, mama leo ni wali na koliflawa. Anakula sahani nzima.

Nimeona pia watu wakitengeneza pitsa, koliflawa inasagwa na mayai na jibini inakua kama mkate. Nilijaribu mara moja. Jibini hapa ni ghali na mboga yenyewe huionji tena, mimi sikuona faida yake.

Majani msiyatupe nawaomba. Yale ya ndani membamba yakate kama sukuma wiki, yale mapana toa uti wa katikati uukate vidogo uutangulize, kitunguu, nyanya moja, uduvi kidogo uliooshwa ukachujwa, na tui jepesi. Uduvi wachukuana na haya majani vizuri kuliko hata na mchicha, yana uchungu kidogo kwa mbali na uduvi unauzima. Jumatatu tulikula hivyo kwa sima na mume wangu alirudia mara mbili, na yeye ni mtu akikosa samaki anakua kama amekosewa.

Hizi mbili za leo moja nimeshaikata ya kupaka iko kwenye sinia inajikamua saa hizi. Ya pili mavyaa ameichukua. Kanambia mashina yote nimpe yeye, kayakata vijiti vyembamba kama vya embe la achari, kayatia munyu na pilipili ya unga na haradali na ndimu nyingi, kayaweka kwenye chupa na ameniagiza nimpandishie darini jua likitoka. Leo jua limetoka mara mbili tu, mara zote mbili kaniita nipande nikaigeuze chupa.