Upepo umetulia nje, ndani ndo kwanza vumbi linaanza

Dhoruba ya vumbi ikipita tu, wengi wetu tunafanya mambo mawili hapohapo: tunafungua madirisha yote ili hewa iingie, alafu tunashika fagio. Na kwa muda ule hayo mawili ndo yanawakohoza watu usiku kucha. Mi fagio kavu nalilaumu kuliko hata upepo wenyewe.

Maana vumbi lile halina saizi moja. Ule mchanga unaousikia kwenye meno ni mkubwa, unaanguka chini ndani ya dakika chache na mwingi unaishia puani, huo ni kero tu. Shida ni lile laini, la maikroni 10 kushuka chini (maikroni moja ni milimita moja ukiigawa mara elfu), na baya zaidi la maikroni 2.5 kushuka chini (unywele wa mtu una unene wa kama maikroni 70 hivi, piga hesabu mwenyewe). Hilo moja moja hulioni, linapenya chini ya mlango na pembeni ya dirisha hata kama umefunga, alafu linaelea humo ndani masaa na masaa na wewe unaona chumba kiko safi kabisa. Shirika la Afya Duniani kwenye mwongozo wa 2021 linasema vumbi la maikroni 10 kushuka chini lisizidi mikrogramu 45 kwa mita moja ya ujazo, wastani wa masaa 24. Dhoruba kali inapandisha mpaka maelfu, kwa hiyo hata ikipenya sehemu ya kumi tu ndani, bado uko kwenye mamia.

Sasa lile lililokwisha tua kwenye sakafu, mapazia na godoro, ukipitisha fagio kavu unalirudisha lote hewani, tena usawa wa pua yako. Kung'uta mapazia ndani ya nyumba ndo usiseme. Kwa hiyo subiri kwanza. Acha madirisha yamefungwa mpaka ukitazama mbali uone vizuri, ukungu wa vumbi umeisha, hapo ndo fungua pande mbili hewa ipite, ukiona upepo umerudi funga. Alafu anza juu kushuka chini na kitambaa kilicholowa, makabati, kingo za madirisha, na panga za feni kabla hujaiwasha (hii watu wanaisahau sana, wanawasha feni wapunge joto inawamwagia vumbi lote kichwani), mwisho kabisa deki sakafu na ubadilishe maji mara kwa mara, maji ya matope hayasafishi kitu. Vaa barakoa ya N95 (ile inayochuja hata vumbi laini) iliyobana vizuri usoni, kitambaa cha kawaida kinazuia mchanga ila lile laini linapita pembeni. Vakyumu isiyo na filta ya HEPA (ile inayonasa chembe ndogo sana) nayo inanyonya huku ikitema lile laini kwa nyuma, bora dekio.

Kiyoyozi kinachozungusha hewa ya ndani ni sawa, ila filta yake ioshe. Zile mashine za kupoza kwa maji zinavuta hewa ya nje, wakati wa dhoruba zima tu. Na vile vifaa vinavyouzwa eti vinasafisha hewa kwa kutoa ozoni achana navyo, ozoni yenyewe ni gesi inayowasha mapafu.

Koo kuwasha, macho mekundu, makamasi yenye tope, kikohozi kikavu siku mbili tatu, hayo mara nyingi ni mwili unajisafisha, kunywa maji, osha pua kwa maji ya chumvi (yawe yamechemshwa yakapoa, sio ya bomba moja kwa moja), na usichome udi wala kuvuta sigara ndani kipindi hicho. Ila mwenye pumu asipime kwa hivyo. Kifua chake kinaweza kubana hata kesho yake wakati wengine wameshasahau kama kulikuwa na vumbi, kwa hiyo dawa yake ya kuzuia aliyoandikiwa asiiruke na inhela ya dharura iwe karibu, na kazi ya kufuta afanye mtu mwingine. Akianza kupumua kwa mluzi na inhela haisaidii, au anashindwa kumaliza sentensi, au midomo inabadilika rangi, mpelekeni hospitali saa hiyohiyo, usafi mtaukuta mkirudi.