Likizo ambayo hatukwenda nyumbani

Jumapili usiku, Montecatini Terme

Shangazi aliuliza kwenye kundi la WhatsApp la familia: "Huko Italia mna nani?" Nikamjibu, hatuna mtu. Akaandika "Subhanallah", kisha kimya mpaka kesho yake.

Kwetu mtu husafiri kwenda kwa mtu. Kuna arusi, kuna matanga, kuna mgonjwa, kuna mtoto kazaliwa. Tangu tuhamie Leicester, Uingereza, kila likizo yetu imekuwa Malindi, na masanduku yetu hayajawahi kuwa yetu. Dawa za presha za mama, raba za watoto wa dada, simu ya mjomba, vitamini za jirani ambaye hata simjui vizuri. Nguo zangu huingia zikibakiwa na nafasi. Mwaka huu kitinda mimba wetu kaenda chuo, na Baba Salim akaja na karatasi ya safari ya basi: Toscana, mkoa wa Italia, mwezi wa Agosto, kila kitu kimeshalipiwa ila chakula cha mchana. "Mama Salim," akaniambia, "hebu safari hii twende mahali ambapo hakuna wa kutupokea."

Basi tumefika. Kila kilichomo sandukuni mwangu ni changu. Nimelifungua na kulifunga tena kwa raha tu.

Montecatini ni mji wa maji ya madini. Zamani watu walikuja kuyanywa kutibu ini na tumbo, na Verdi, yule mtunzi wa opera, alikuwa akija majira ya kiangazi. Mwaka 2021 UNESCO iliuingiza kwenye orodha ya miji mikuu ya maji ya tiba ya Ulaya. Ila sisi wa mabasi hatukuja kwa ini. Mahoteli ni mengi, bei zake zinavumilika, na Lucca, Pisa na Firenze (Florence) si mbali, ndiyo maana mabasi hulala hapa.

Wenzetu karibu wote ni Waingereza waliostaafu. Sisi ndio vijana wa basi, na tumeshapita hamsini. Mtembezaji wetu ni mama wa Kitaliano mwenye mwavuli wa njano ambao kazi yake ni kuinuliwa juu tufuate. Ametusomea sheria: kila asubuhi watu wanahama viti, ili asiwepo wa kumiliki dirisha la mbele. Baba Salim amefurahia sheria hii kuliko mandhari yote tuliyoyaona tangu uwanja wa ndege.

Chakula cha usiku kilianza na vipande vya tikiti vilivyofunikwa nyama ya nguruwe iliyokaushwa. Nikamwita mhudumu, nikamwambia "senza maiale, per favore", bila nguruwe tafadhali, sote wawili. Meza nzima ikageuka. Mhudumu akaniuliza nimekisoma wapi Kitaliano. Nikamwambia Malindi. Akacheka, akaleta tikiti tupu, sahani imejaa.

Jumatatu, Lucca

Nieleze hili la Kitaliano, maana basini nimeulizwa mpaka nimechoka.

Waitaliano walikuja kwetu na roketi kabla ya pizza. Pale Ngomeni, kaskazini kidogo ya Malindi, walijenga kituo cha San Marco baharini, na mwaka 1967 wakarusha setilaiti yao ya kwanza kutoka hapo. Mwaka 1970, tarehe 12 Desemba, ikarushwa ya Wamarekani, ikaitwa Uhuru kwa kuwa siku ilikuwa ya Jamhuri yetu. Baadaye wakaja wenye mahoteli, wenye mikahawa, wenye aiskrimu, na wastaafu waliojenga nyumba zao Malindi na Watamu. Mtoto wa Malindi wa rika langu alijua kuomba peremende kwa Kitaliano kabla hajajua kuomba ruhusa ya kwenda msalani kwa Kiingereza. Kaka yangu aliuza vinyago ufuoni Silversands. Alijua bei kwa lira, pesa ya Italia ya zamani, na alijua kumtazama mtu miguuni akatambua kama amefika jana au wiki iliyopita: miguu myeupe ni bei ya juu.

Sasa Lucca. Mji umezungukwa na ukuta wa ngome wa kilomita nne na kidogo, mpana kiasi kwamba juu yake kuna barabara ya miti, watu wanatembea na kuendesha baiskeli. Ulijengwa kwa zaidi ya miaka mia kujikinga na jirani zake, hasa Firenze, na adui hakuja kamwe. Kilichokuja ni maji. Mwaka 1812 mto Serchio ulifurika, wakafunga milango ya mji, na ukuta ukazuia mafuriko. Habari hiyo niliipenda kuliko ya vita yoyote.

Tulikodi kigari cha kukanyaga pedali cha magurudumu manne, kwa kuwa mimi nilikuwa na dera na baiskeli isingewezekana. Baba Salim alishika usukani. Mume wangu ni mtu wa pwani wa mtindo wa zamani: akitembea mjini Malindi huwa hatua kumi mbele yangu, na ukimuuliza anasema anasafisha njia. Juu ya ukuta wa Lucca hakuwa na namna, tulikaa bega kwa bega, anakanyaga nakanyaga. Kila tukipita kivulini alisema "Eeh, hapa sawa." Tulizunguka mji mzima, tukazunguka tena nusu yake, na muda wa makanisa ukaisha. Sijutii. Mnara wa Guinigi tuliuona kwa chini, ule wenye miti imeota kileleni.

Jumanne, Pisa

Mabasi hayaruhusiwi kusogea karibu. Karibu miji yote hii ya zamani ina eneo la katikati ambalo magari ya wageni hayaingii, kamera inakupiga picha na faini inakufuata mpaka kwenu. Kwa hiyo basi linaegeshwa nje kabisa ya mji, watu wanateremka na kofia zao, wanaufuata mwavuli. Joto la leo lilikuwa la kukausha papa.

Mnara ulioinama ni mzuri. Nilikuwa nimejiandaa kuudharau, maana nimeuona kwenye vikombe, sumaku za friji na ukuta wa kila mkahawa wa pizza wa Malindi. Lakini picha hazikwambii weupe wa lile jiwe juu ya nyasi, wala kwamba kanisa kuu lililo pembeni yake ni kubwa na zuri kuliko wenyewe, na limepewa mgongo na kila mtu. Walianza kuujenga mwaka 1173, ukaanza kuzama upande mmoja ungali na ghorofa chache, na kuumaliza kukachukua karibu miaka mia mbili. Mwaka 1990 ulifungwa kwa hofu ya kuanguka. Wahandisi wakachimbua udongo kidogo kidogo chini ya upande wa kaskazini, ule ulioinuka, mnara ukarudi nyuma kiasi, ukafunguliwa tena mwaka 2001. Hawakuunyoosha wote. Baba Salim anasema hao ni wafanyabiashara.

Njiani kutoka maegeshoni kuna vijana wa Senegali wanaouza miwani, mikanda, miavuli, bangili. Nilimsikia mmoja kabla sijamwona: "Ciao bella, come stai, guarda, guardare non costa niente." Tazama tu, kutazama ni bure. Ni maneno ya kaka yangu, herufi kwa herufi, mpaka ile sauti ya kuvuta mwishoni.

Wenzetu wa basini walifanya vile wanavyofanya. Walikaza macho mbele, wakashika mikoba, wakaongeza mwendo. Najua mwendo huo. Utotoni nimekaa chini ya mkungu pale mnara wa Vasco da Gama nikiutazama mara elfu: gari linasimama, mlango unafunguka, watu wanapiga picha dakika kumi, wanarudi ndani kwenye kiyoyozi, na nyuso zao kwenye kioo hazikuoni. Nilipokuwa mdogo nilidhani wanatuchukia. Leo nikiwa ndani ya kundi lenyewe nimejua kwamba wengi wanawaza choo. Kweli kabisa. Yule mama wa kiti cha nyuma yetu, mtu mwema wa kugawa biskuti, alikuwa anatembea haraka kwa sababu ya kibofu. Wengine, sawa, waliogopa. Na mmoja alisema neno ambalo sitaliandika hapa, halafu akakumbuka sisi tuko mbele yake.

Nikasimama. Kijana akaniita dada, akauliza natoka wapi. Tukaongea Kitaliano, yeye chake cha Pisa, mimi changu cha ufuoni. Alitaka kujua Malindi mtu anapata kiasi gani kwa siku akiuza vinyago. Nikamwambia inategemea msimu. Akasema na hapa hivyo hivyo, ila Januari ni baridi na polisi. Sikununua kitu, naye hakusisitiza. Tulikuwa tumeshatoka kwenye biashara. Baba Salim ndiye aliyenunua. Alichukua mkanda, akapatana bei kwa Kiswahili na vidole, na mpaka sasa anaamini alimshinda yule kijana. Sina la kumwambia. Nililelewa na muuzaji.

Alhamisi, San Gimignano na Siena

Miji miwili siku moja ni dhambi, ila ndivyo karatasi ilivyosema.

San Gimignano ni minara. Zamani ilikuwa sabini na kitu, leo imebaki 14. Familia za matajiri zilishindana nani atajenga mrefu zaidi, na hakuna aliyekaa humo kwa starehe, ngazi tupu na giza. Kisha tauni ya mwaka 1348 ikapita, watu wakaisha, na miaka michache baadaye mji ukawa chini ya Firenze. Umaskini ndio ulioihifadhi minara iliyobaki. Hakukuwa na fedha za kubomoa na kujenga upya. Wenzetu walikwenda kuonja mvinyo wa Vernaccia. Sisi tulipanga foleni ya choo (unalipia, beba sarafu), tukala aiskrimu, tukashika zafarani ya hapo, tukaona bei, tukairudisha rafuni polepole.

Siena tulifika wenyewe wakiwa wanajiandaa na Palio, mbio za farasi za 16 Agosti. Kuna nyingine tarehe 2 Julai. Uwanja wa Campo umeinama kuelekea upande mmoja, umegawanywa mapande tisa kwa kumbukumbu ya baraza la watu tisa lililoutawala mji, na kuuzunguka walikuwa wanashindilia udongo wa njano wa kukimbilia farasi. Mji una mitaa 17, kila mmoja na bendera, kanisa na makumbusho yake. Kila mbio hushindana kumi tu, wapanda farasi hawana matandiko, na farasi akimaliza wa kwanza bila mtu mgongoni bado ameshinda. Mtembezaji akasema mtu wa Siena huulizwa mtaa wake kabla ya kazi yake. Baba Salim, ambaye ni wa Shela, akatikisa kichwa kama mtu aliyefika kwao.

Mitaa ina majina ya wanyama, wengi wao: bata bukini, konokono, kobe, kiwavi. Na Twiga. Nilipoiona bendera nyeupe na nyekundu yenye twiga nilitoa sauti, watu wakageuka. Malindi ndiyo iliyompelekea mfalme wa China twiga mwaka 1415, hilo kila mtoto wetu anaambiwa shuleni, na sasa twiga mwingine ananingojea ukutani Toscana. Nimenunua skafu. Nimeambiwa na muuzaji kwamba wa mtaa mwingine wakiniona nayo wiki hii watanuna. Nimeivaa mpaka hotelini.

Ijumaa, Firenze

Saa tatu Firenze ni sawa na kunusa biriani dirishani. Daraja la Ponte Vecchio, maduka ya dhahabu, foleni, foleni, kuba ya kanisa kuu aliyoijenga Brunelleschi, kwa shingo iliyopinda. Tumeondoka.

Jumamosi usiku

Mchana ulikuwa huru. Tulipanda kile kitreni chekundu cha kwenda Montecatini Alto, mji wa juu. Kimekuwapo tangu 1898, mabehewa mawili kwenye kamba moja, Gigio na Gigia, mmoja akipanda mwenzake anashuka, wanapishana katikati tu. Baba Salim akasema hao ndio sisi zama za zamu: mimi nikitoka hospitali asubuhi, yeye anatoka kwenda ghalani, tunapishana mlangoni na funguo. Alisema hivyo akitazama nje. Sikumjibu, lakini nilimpa nusu ya ndizi yangu.

Mkate wa huku hauna chumvi. Nimesubiri wiki nzima kuusema ubaya huu. Wanasema ni desturi ya karne nyingi na unaendana na vyakula vyao vya chumvi nyingi. Sawa. Hauna chumvi.

Tumepigiwa simu na mama jioni hii. Ameuliza kama tumekula, kama kuna msikiti, na kama huko Italia dawa za presha ni rahisi. Nikamwambia nitauliza. Baba Salim akanitazama. Nimekwenda duka la dawa lenye msalaba wa kijani pale pembeni, wakasema wanataka cheti cha daktari, nikanunua mafuta ya viungo ya mama badala yake, na mengine ya shangazi.

Mwakani yeye anataka Sicilia, tukodi gari, tusimame tunapotaka, tulale tunapochoka. Nimemwambia mimi nataka basi. Kwenye basi hagombani na mtu juu ya njia, na mimi sishiki ramani. Anasema basi linakuletea mji kwa kijiko. Ni kweli. Lakini kwenye gari la kukodi yeye ndiye atakayeendesha, nami nimeshampa usukani Lucca nikaona anavyokata kona.