Amplifaya kwa Spika Zenye Sauti Kali

Spika ambazo sauti zake za juu hujitokeza kupita kiasi, hasa kati ya kilohezi 3 na 10, huonyesha matoazi kwa uwazi wa kupendeza, lakini masikio huchoka mapema. Wengi hukimbilia kutafuta amplifaya "laini". Naamini kuwa amplifaya nzuri ya transista, ikiwa haijalemewa, hubadilisha mlio kidogo mno. Amplifaya ya vali, yaani inayotumia mirija ya kioo badala ya transista, ni habari nyingine: kwa kuwa ukinzani wake (kiasi cha kuzuia umeme) wa upande wa kutolea ni mkubwa, mlio hufuata kupanda na kushuka kwa ukinzani wa spika yenyewe, hivyo inaweza kupunguza ukali katika spika moja na kuuzidisha katika nyingine. Ndiyo maana nasisitiza kutazama kwanza mchoro unaoonyesha ukinzani wa spika zako kutoka sauti za chini hadi za juu. Nguvu ya akiba nayo ni muhimu, kwani amplifaya iliyolemewa hukata vilele vya mawimbi na kuongeza ukali usiokuwamo kwenye muziki. Waya za bei kubwa sizitegemei kwa kazi hii. Kabla ya kununua chochote, geuza spika zisimwelekee msikilizaji moja kwa moja, tandika zulia, kisha punguza sauti za juu kwa desibeli 2 kwa kidhibiti cha amplifaya, kifaa ambacho wapenzi wengi wa muziki hukidharau bila sababu.